Kubadilisha pampu ya maji ya gari nyumbani kabla injini haijachemka

Barabara inayotoka bonde la Kerio na kupitia Tambach hadi Iten hupanda zaidi ya mita 1,000, kona baada ya kona. Msimu wa maembe, Probox zilizojaa magunia hupanda hapo kwa gia ya pili zikielekea masoko ya Eldoret. Si ajabu kuona moja imeegeshwa kando ya barabara, bonneti imeinuliwa, mvuke unatoka, na dereva ameshika kitambaa akijiandaa kufungua kifuniko cha rejeta. Hapo ndipo watu huungua nyuso na mikono. Mara nyingi chanzo cha yote hayo ni kifaa kidogo kilichokuwa kikitoa dalili kwa wiki kadhaa: pampu ya maji.

Kazi ya pampu hiyo ni moja tu, kuyazungusha maji ya kupoza injini. Inayasukuma kupitia mifereji iliyo ndani ya injini yanakobeba joto, kisha yanakwenda kwenye rejeta kupoa na kurudi tena. Pampu huzungushwa na mkanda, ule ambao wengi huuita fenibelti. Ndani yake mna mhimili mmoja, beringi, na sili inayozuia maji yasifike kwenye beringi. Sili ikichakaa, maji hupenya na kutokea kwenye kitundu kidogo chini ya mhimili. Kitundu hicho kiliwekwa na watengenezaji makusudi ili kutoa onyo, na kukiziba kwa gundi, kama wanavyofanya baadhi ya watu, ni kuyaelekeza maji kwenye beringi.

Wakazi wa Uasin Gishu wana sababu ya ziada ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Jiji la Eldoret liko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Maji yanayochemka kwa nyuzi 100 pale Mombasa huchemka kwa nyuzi 93 hivi hapa, na chini ya hapo kule Timboroa, ambako barabara ya Nakuru hupita mita 2,700. Kinacholiokoa gari ni kifuniko cha rejeta. Kikiwa kizima hubana shinikizo ndani ya mfumo hata maji yasichemke mpaka yafike karibu nyuzi 115. Kwa hivyo mtu anayefungua kifuniko injini ikiwa moto anaondoa shinikizo hilo mara moja, na maji yaliyokuwa yametulia yanageuka mvuke kwa sekunde moja. Kitambaa hakisaidii. Injini izimwe na iachwe hadi mpira wa juu wa rejeta uweze kushikwa kwa mkono bila kuunguza, jambo linaloweza kuchukua saa nzima. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala mafuta ya kupikia, kisha apelekwe kituo cha afya.

Dalili za pampu inayokufa si nyingi. Asubuhi huonekana tone la rangi ya waridi, kijani au samawati chini ya gari, upande wa mikanda. Maji ya akiba hupungua kila wiki bila mpira wowote kuvuja. Husikika sauti ya kukwaruza inayopanda na kushuka kadiri injini inavyokanyagwa. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, puli ya pampu ikishikwa na kutikiswa haifai kucheza hata kidogo. Ikicheza, beringi imekwisha. Magari mengi yanayoletwa kutoka Japani hufika nchini yakiwa na umri wa karibu miaka 8, ambao ndio ukomo unaoruhusiwa, na mengi bado yana pampu ya kiwandani. Hapa yanakutana na tabia ya kujaza maji ya bomba au ya kisima badala ya kulanti. Maji matupu huleta kutu, na chembe za kutu huisaga sili. Kulanti huzuia kutu, hupandisha kiwango cha kuchemka, na hulinda sili. Ile ndoo ya bure ya maji ndiyo huleta gharama ya pampu.

Je, kazi hii yaweza kufanyiwa nyumbani? Inategemea gari. Probox, Fielder na Vitz nyingi zenye injini ya 1NZ ya lita 1.5 hutumia cheni ya taimingi, na pampu yao iko nje, upande wa dereva, ikizungushwa na mkanda wa alteneta. Mtu mwenye subira na spana kamili anaweza kuimaliza kazi hiyo kwa siku moja ya Jumamosi. Subaru za zamani zenye injini ya EJ ni jambo jingine kabisa. Pampu yao imejificha nyuma ya mkanda wa taimingi, na mkanda huo ukirudishwa jino moja pembeni, vali zinaweza kugongana na pistoni. Hiyo ni kazi ya fundi aliyeizoea, na ni busara mkanda wenyewe ubadilishwe siku hiyo hiyo kwa kuwa ameshaufikia. Toyota Aqua nayo ina pampu ya umeme, na gari la mseto lina waya za volti nyingi. Lipelekwe kwa anayeyajua magari hayo.

Kabla ya kununua spea, namba ya injini na ya fremu ziandikwe kwenye karatasi, na ikiwezekana pampu ya zamani ibebwe hadi dukani ilinganishwe. Idadi ya matundu ya bolti, kimo cha mhimili na umbo la mapezi vilingane. Pampu ghushi zipo sokoni, na kuuza bidhaa ghushi ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2008. Risiti idaiwe na itunzwe. Pamoja na pampu zinunuliwe gasketi mpya, kulanti ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, na mkanda mpya ikiwa wa zamani una nyufa. Pampu iliyotumika ni akiba ya uongo, kwa sababu hakuna anayejua sili yake imebakiza siku ngapi.

Gari liegeshwe mahali tambarare, injini ikiwa baridi kabisa, na waya hasi ya betri ifunguliwe. Likiinuliwa kwa jeki, liwekwe juu ya stendi na magurudumu ya nyuma yazibwe kwa mawe au vipande vya mbao. Hakuna kazi inayostahili mtu kulala chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Beseni liwekwe chini ya rejeta, kifuniko kifunguliwe, kisha kizibo cha chini kilegezwe. Mfumo wa injini hizi hubeba takriban lita 5, kwa hiyo beseni la kuoshea vyombo vya chai halitoshi.

Hatua inayofuata ndiyo ambayo wengi huikosea. Bolti tatu zinazoshika puli ya pampu zilegezwe kabla mkanda haujatolewa, kwa kuwa mkanda ndio unaoizuia puli isizunguke. Aliyeutoa mkanda kwanza atahangaika akiishika puli kwa bisibisi, na huenda akaikunja. Bolti zikishalegea, alteneta ilegezwe, mkanda utolewe, kisha puli. Nafasi kati ya injini na bodi ni finyu, na mkono mnene hutoka na mikwaruzo. Picha ipigwe kwa simu kabla ya kila kitu kutolewa, hasa njia ya mkanda.

Bolti za pampu zikifunguliwa, kila moja iwekwe mahali pake kwenye kipande cha kadibodi kilichochorwa umbo la pampu, kwa sababu huenda hazina urefu mmoja. Bolti ndefu ikiingizwa kwenye tundu fupi hupasua alumini. Pampu ikikataa kutoka, igongwe taratibu kwa nyundo ya mpira au ya mbao. Isichokolewe kwa bisibisi, maana mkwaruzo mmoja kwenye uso wa injini ndio mlango wa uvujaji mpya. Maji mengine yatamwagika wakati huo, jambo la kawaida.

Kuusafisha uso ambako pampu inakaa huchukua muda kuliko kazi nyingine yote, na hapo ndipo subira hupimwa. Mabaki ya gasketi yatolewe kwa kikwaruzo cha plastiki na kitambaa hadi kidole kikipita kisihisi kitu. Gasketi mpya ya chuma huwekwa ikiwa kavu. Silikoni nyingi inayopakwa “kwa usalama” hujikunja kwa ndani, vipande vikakatika na kwenda kuziba mifereji ya rejeta. Ikiwa kitabu cha gari hakijataja silikoni, isitumike.

Bolti zote zianzwe kwa vidole, kisha zikazwe kidogo kidogo kwa mpangilio wa mkingamo, kama nati za gurudumu. Ni bolti ndogo zinazoshika kwenye alumini. Nyingi za saizi hii huhitaji nyutonimita 9 hadi 12 tu, nguvu ya kifundo cha mkono na si ya bega. Spana ndefu hapa ni adui. Kisha puli irudishwe kwa vidole, mkanda uvishwe na ukazwe, ndipo bolti za puli zikazwe mwisho. Mkanda ukikazwa kupita kiasi huiua beringi mpya kabla ya mwaka kuisha. Ukilegea hupiga kelele na betri haipati chaji.

Wapo watakaoshauri themostati itolewe wakati huo ili gari “lisichemke tena”. Ushauri huo haufai popote, sembuse Eldoret, ambako asubuhi za Julai injini hukawia kupata joto. Bila themostati injini hubaki baridi, mafuta huliwa zaidi, na tatizo la kweli hufichika. Ikiwa imekwama, ibadilishwe kwa nyingine.

Kujaza kulanti kufanywe polepole, swichi ya hita ikiwa kwenye joto kali. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi hufaa, isipokuwa chupa iwe imeandikwa kwamba kulanti imeshachanganywa. Betri irudishwe, kisha injini iwashwe kifuniko kikiwa wazi huku mpira wa juu ukiminywa na kuachiliwa ili hewa itoke. Mapovu yatatokea na kimo kitashuka, basi iongezwe. Themostati nyingi hufunguka kati ya nyuzi 80 na 90, na hapa maji yasiyobanwa huchemka kwa 93. Pengo ni dogo. Mpira wa juu ukianza kuwa moto na mapovu yakaisha, kifuniko kifungwe bila kusubiri, uso ukiwa mbali na mdomo wa rejeta. Injini iendelee kunguruma hadi feni iwake na kuzima mara mbili, macho yakiwa kwenye geji. Sindano ikipita katikati, injini izimwe.

Safari ya kwanza iwe fupi, kama kwenda Annex na kurudi, si Nakuru. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, kimo cha kulanti kitazamwe na kuongezwa, na ardhi chini ya gari ikaguliwe. Hilo lirudiwe kwa wiki moja.

Yabaki yale yaliyo kwenye beseni. Kulanti ina ladha tamu na ni sumu. Mbwa, paka na watoto huinywa, na kiasi kidogo chaweza kuharibu figo. Isiachwe uani hata kwa dakika chache, na isihifadhiwe kwenye chupa ya soda. Isimwagwe kwenye mtaro pia, kwa sababu mitaro mingi ya mji huishia mto Sosiani, ambao huungana na Kipkaren na kuingia Nzoia hadi Ziwa Victoria. Itiwe kwenye jerikeni lenye kifuniko, iandikwe kilicho ndani, na ipelekwe gereji ambayo taka zake huchukuliwa na wasafirishaji wenye leseni ya NEMA. Pampu ya zamani, baada ya kulinganishwa, inaweza kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.