Baisikeli Mteremkoni

Bandari ya Moba iko chini, kando ya ziwa Tanganyika. Kirungu iko juu. Anayeteremka kwa baisikeli, ambayo wengi huiita kinga, akiwa na mzigo nyuma, aangalie breki kwanza. Raba zake zimekwisha? Zibadilishwe leo, si kesho. Mafuta ni ya mnyororo: yakifika kwenye chuma cha gurudumu, raba huteleza na breki haishiki.

Halafu upepo. Baisikeli ya mizigo haina springi penye magurudumu. Upepo wa tairi hufanya kazi hiyo. Ukizidi, gurudumu hurukaruka mawe na mzigo hutikisika. Ukipungua, mpira wa ndani hubanwa kati ya jiwe na chuma, hutoboka. Bonyeza tairi kwa kidole gumba: libonyee kidogo tu.

Swali: Kwa nini raba za breki hazipakwi mafuta?