Kumnunua na Kumfunza Kilebu wa Basenji

Mtu anunuapo mbwa nchini Kenya, aghalabu huwa anatafuta mlinzi wa boma. Atakaye mlinzi hafai kumnunua basenji, na ni heri alijue jambo hili kabla hajatoa fedha zake.

Basenji habweki kama mbwa wengine. Si bubu: hunguruma, hulia, na akifurahi hutoa sauti ya kupanda na kushuka inayokaribia kuwa wimbo. Lakini mgeni akifika langoni usiku, yamkini mwenye nyumba asisikie lolote. Muuzaji amsifuye mbwa huyu kwa ukimya wake, kisha papo hapo amwite mlinzi hodari, anauza vitu viwili visivyokaa pamoja.

Asili ya basenji ni misitu ya Afrika ya Kati, hasa Kongo. Huko wawindaji humfunga kengele shingoni na kumtuma kichakani awafukuze wanyama kuelekea kwenye nyavu. Mbwa wa kazi hiyo hutangulia mbali na bwana wake, na hana budi kuamua mwenyewe apite wapi na amfuate mnyama yupi. Mbwa wa kuchunga kondoo amezalishwa kwa vizazi vingi autazame mkono wa mchungaji. Basenji amezalishwa asiungoje mkono wa mtu. Wengi huita tabia hiyo ukaidi. Sisi twaiona kuwa ni ustadi wa kazi ambayo mbwa huyu hapewi tena. Jina lake nalo lina kejeli yake, kwani lina udugu na neno letu “mshenzi”, na aliyezoea kumwita mbwa wa mtaani “mbwa shenzi” atashangaa akitajiwa bei ya huyu.

Kabla ya kulipa

Mbwa wengi wa vijijini mwetu wana manyoya mafupi ya rangi ya hudhurungi, na wengine mikia iliyojikunja. Ni mbwa wazuri na wastahimilivu, lakini si basenji, na yeyote asilipishwe bei ya basenji kwa ajili ya mkia. Mnunuzi adai hati za nasaba, na kama muuzaji anadai kuwa wazazi wameandikishwa na East Africa Kennel Club, mnunuzi awasiliane na chama hicho mwenyewe badala ya kuridhika na picha ya hati kwenye simu.

Kuna dalili nyingine ambayo wanunuzi wachache huijua. Mbwa jike wa kawaida huingia joto takribani mara mbili kwa mwaka, ilhali basenji jike huingia mara moja tu. Basi muuzaji mwenye jike mmoja au wawili, na ambaye kila baada ya miezi michache ana vilebu wapya wa “basenji”, ana maelezo ya kutoa. Mnunuzi aombe kumwona mama akiwa na wanawe mahali wanapolelewa, na asikubali kukutana na muuzaji kando ya barabara. Kilebu asiondolewe kwa mama yake kabla ya wiki 8.

Afya yataka uangalifu zaidi, maana mbwa hawa wana maradhi ya urithi yaitwayo Fanconi. Figo huacha kuhifadhi sukari na virutubishi vingine, navyo hutoka kwa mkojo. Mbwa hunywa maji kupita kiasi, hukonda, na asipotibiwa hufa. Kwa kawaida maradhi haya hujitokeza mbwa akiwa mtu mzima, miaka kadhaa baada ya kuuzwa. Kilebu mgonjwa huonekana mzima kabisa siku ya kununuliwa. Kinga ya mnunuzi ni matokeo ya kipimo cha vinasaba cha wazazi wote wawili, nayo yaombwe kwa maandishi.

Chanjo nazo zathibitishwe kwa kadi yenye sahihi ya daktari wa mifugo. Mnamo 1895 basenji wawili walipelekwa Uingereza na kuonyeshwa kwa umma. Hawakukaa sana wakafa kwa distempa, ugonjwa ambao leo huzuiwa kwa chanjo. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kilebu afikishapo miezi 3, na baadaye hurudiwa kama daktari atakavyoelekeza.

Mapatano yaandikwe: jina la muuzaji, tarehe ya kuzaliwa, chanjo zilizotolewa, na haki ya kumrudisha kilebu ikiwa daktari atamkuta na ugonjwa katika siku chache za mwanzo. Ujumbe wa M-Pesa huthibitisha kwamba fedha zimetumwa, hauthibitishi kilichonunuliwa. Kifungu cha 46 cha Katiba humpa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, habari anazohitaji, na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Haki hiyo ni vigumu kuidai bila karatasi.

Malezi na mafunzo

Kipindi ambacho kilebu huizoea dunia kwa urahisi huanza yapata wiki ya 3 na hufifia karibu na wiki ya 14. Sehemu kubwa ya muda huo hupita kabla chanjo hazijakamilika, kwa hiyo mnunuzi amchukue kilebu mikononi, asimweke chini palipopita mbwa wasiojulikana, naye asikie pikipiki, aone watoto wa shule, aguswe na wageni wapole.

Haja hufunzwa kwa saa. Kilebu atolewe nje kila aamkapo, amalizapo kula na amalizapo kucheza, na apewe zawadi palepale anapomaliza haja yake. Akijisaidia ndani, pasafishwe tu. Kumsugua pua kwenye uchafu humfunza kujificha, na basenji hujifunza kujificha upesi kuliko chochote kingine. Habari njema ni kwamba hujilamba na kujisafisha kama paka.

Somo kuu ni kuja aitwapo. Hapa ndipo walezi wengi hushindwa, kwa sababu hungoja mbwa atii kwa mapenzi. Basenji hupima faida. Mlezi atumie kitu ambacho hakitolewi wakati mwingine wowote: omena wakavu, au vipande vya maini yaliyochemshwa. Aanze ndani ya nyumba, hatua 3 mbali. Amwite kwa jina mara moja, na afikapo ampe na kumwachilia aendelee na mchezo. Dakika 3 au 4 zatosha, mara kadhaa kwa siku. Akiendelea hadi mbwa achoke, mbwa atakuwa amejifunza kuchoka. Kamwe asimwite ili amwadhibu, amwogeshe au amfungie. Mwito ulioleta uchungu mara mbili tatu hauitikiwi tena.

Hata baada ya miezi mingi ya mafunzo, tunashauri asifunguliwe kamba karibu na barabara. Akimwona paka akikimbia, omena hawana thamani tena. Ua nao ukaguliwe, kwani mbwa hawa hupanda, na seng'enge yenye matundu ni ngazi kwao. Akiachwa peke yake bila kazi atatafuna viatu na miguu ya viti. Apewe mfupa wa kutafuna na mwendo wa kutosha asubuhi na jioni.

Karibu na miezi 6 hadi mwaka, kilebu aliyekuwa akija huanza kusimama na kutazama pembeni. Huo ni ujana, nao hupita iwapo masomo yataendelea bila fimbo.

Wapo wafunzaji wanaoahidi kumrudisha mbwa “aliyekamilika” baada ya majuma 2 ya kukaa kwao. Mnunuzi aulize watatumia njia gani, aombe kuhudhuria, na alipe kwa awamu. Mfunzaji amkatazaye mwenye mbwa kutazama mafunzo asipewe mbwa wala malipo ya awali. Kumpiga na kumtesa mnyama ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na malalamiko yaweza kupelekwa katika kituo chochote cha polisi.