Faida Ghafi na Mwenye Hisa
Watahiniwa wengi hukokotoa asilimia ya faida ghafi (faida ghafi ÷ mauzo × 100) bila shida, kisha hushindwa kueleza jibu linamhusu vipi mwenye hisa.

Chukua kampuni mbili za Marekani zinazouza chipu za kompyuta. Nvidia husanifu chipu na kuiachia TSMC ya Taiwan kazi ya kuzitengeneza. Intel hutengeneza nyingi katika viwanda vyake yenyewe. Uchakavu wa mitambo huhesabiwa hata mauzo yakishuka. Mwaka 2024, kila dola 100 za mauzo ziliiachia Intel faida ghafi ya takriban dola 33. Nvidia, katika mwaka wa fedha ulioishia Januari 2025, ilipata 75.

Agosti 2024 Intel ilitangaza hasara na kwamba ingesitisha gawio. Kesho yake bei ya hisa ikaanguka kwa zaidi ya robo. Mwanahisa akapigwa mara mbili: kipato na thamani ya mtaji.

Usiandike, hata hivyo, kwamba kumiliki kiwanda ni kosa. TSMC inavyo vingi, na mwaka huohuo faida yake ghafi ilizidi asilimia 50. Eleza kwa nini. (Dokezo: ina wateja wangapi?)