Maradhi ya Akili kwa Watoto Wetu

Ndugu yetu msomaji, wazazi wengi wa Muheza na wa mwambao wote, wamwonapo kijana wao amenyamaza, hali wala halali, husema moja katika mambo mawili: ama amekosa adabu, ama amepandwa na jini. Ni wachache wasemao: huenda mwanangu ni mgonjwa wa akili.

Na maradhi haya si haba. Shirika la Afya Ulimwenguni lahesabu kuwa katika kila vijana saba wenye umri wa miaka 10 hata 19, mmoja anayo. Kwa hesabu hiyo, chuo chenye wanafunzi 35 wa umri huo huenda kina watano. Na uchunguzi wa jirani zetu wa Kenya, uliotangazwa mwaka 2022, ulionyesha kuwa katika kila vijana mia wa miaka 10 hata 17, 44 walipata taabu ya nafsi ndani ya mwaka mmoja, na 12 walifikia kiwango cha maradhi khasa.

Wala si khabari mpya. Katika milima yetu ya Usambara, huko Lutindi, palijengwa mwaka 1896 makao ya watoto waliookolewa katika utumwa. Mwaka 1904 pakageuzwa hospitali ya wagonjwa wa akili, nayo ingalipo.

Huenda mtu akauliza: Je, kisomo hakifai? Twajibu: chafaa. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, na kusomewa hakumzuii mtu kwenda kwa tabibu. Kosa ni kungoja. Kwani nusu ya maradhi ya akili huanza kabla ya miaka 18, na yakiachwa humfuata mtu hata utu uzima.

Zijueni dalili. Mtoto mdogo hajui kusema "nasononeka". Husema "tumbo laniuma". Aliye mkubwa hujitenga, hughadhibika kwa jambo dogo, huacha masomo, huchukia alichokipenda. Hali hii ikidumu majuma mawili, usimpige. Keti naye faraghani, muulize kwa upole, msikilize, kisha mpeleke hospitali. Akitaja kujiua, usimwache peke yake. Ondoa dawa za shamba na kila cha kumdhuru, umpeleke siku ile ile. Kumuuliza waziwazi hakumtii wazo hilo moyoni.

Mtoto akivunjika mguu hatumlaumu, wala hatungoji mwaka. Auguapo akili, tumfanyie vivyo hivyo. Mwana ni amana, na mwenye kupewa amana ataulizwa.

Wabillahi tawfiki.