Dondoo Muhimu: Mtini wa Ndoo Kuwa Bonsai

Mtini uliokaa miaka kwenye ndoo barazani, iwe Ngara au Biharamulo, una kitu ambacho mche mpya hauna: shina nene, linalofaa bonsai, yaani mti unaodumishwa mdogo ndani ya chombo. Mtini wa aina ya *Ficus natalensis*, ambao magome yake yalitumika kutengenezea nguo Buganda na Buhaya, huvumilia kisu vizuri.

Msimu. Anza mvua za vuli zikishashika. Juni hadi Agosti ni kiangazi, usiguse mizizi.

Mizizi. Utoe mti, uchambue udongo kwa kijiti. Mizizi iliyojizungusha ndoo nzima ikate, lakini isizidi theluthi moja kwa mara moja.

Chombo. Kiwe kifupi, chenye matundu chini. Changanya kokoto ndogo, mchanga wa chenga kubwa na mboji kidogo.

Matawi. Kata juu kidogo ya jani. Utomvu mweupe utachuruzika. Ufute kwa kitambaa kilicholowa, usiingie machoni.

Waya. Tumia wa shaba au alumini, ukague kila wiki. Ukianza kuzama kwenye gome, ukate vipande vipande badala ya kuuzongoa.

Baada ya hapo mti ukae kivulini wiki tatu hivi. Majani yakipukutika, usizidishe maji, na mbolea isubiri machipukizi mapya.