Kigugumizi na Kasoro ya Matamshi: Ipi Itibiwe Kwanza?

Kigugumizi ni hali ya kukatika kwa mtiririko wa usemi. Mwenye kigugumizi hurudia silabi, huvuta sauti au hukwama, ingawa neno analijua vyema. Aghalabu hali hii huanza kati ya umri wa miaka 2 na 5. Hailetwi na malezi mabaya; inahusiana na jinsi ubongo unavyoratibu usemi, na mara nyingi huonekana katika ukoo.

Mtoto wa miaka minne ambaye mara kwa mara husema "ta-ta-tamaki" badala ya "samaki" ana matatizo mawili. Kurudia silabi ni kigugumizi. Kuweka t mahali pa s ni kasoro ya matamshi. Je, tiba ianze na lipi?

Takriban watoto watatu katika kila wanne hupona kigugumizi bila tiba. Kwa hiyo yaonekana ni busara kungoja na kunyoosha matamshi kwanza. Lakini kigugumizi hutibika kwa urahisi zaidi kabla ya umri wa kwenda shule, na mtoto ambaye matamshi yake yako nyuma yumo katika hatari kubwa zaidi ya kubaki nacho. Hivyo, yule anayeelekea kungojeshwa ndiye asiyefaa kungojeshwa mno.

Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa New Zealand kwa watoto 54 wa umri wa miaka 3 hadi 6. Ulipima tiba ya Lidcombe, iliyobuniwa Sydney, Australia, ambayo mzazi humsifu mtoto asemapo bila kukwama, na mara chache humwomba arudie neno. Baada ya miezi 9 makundi yote mawili yalikuwa na nafuu, lakini waliotibiwa walipata nafuu kubwa zaidi.

Tiba zote mbili zaweza kutolewa kwa pamoja, mradi mtoto asilemewe na masahihisho. Zikitolewa kwa kufuatana, muda ndio kipimo. Kigugumizi cha miezi michache chaweza kuchunguzwa huku matamshi yakitangulia. Kikikaribia mwaka, au mtoto akianza kukwepa maneno, tiba yake isiahirishwe. Samaki mkunje angali mbichi.

Maswali
1. Tofautisha kigugumizi na kasoro ya matamshi.
2. Kwa nini kundi lisilopewa tiba lilihitajika katika utafiti wa New Zealand?