NAITROJENI: CHAKULA CHA MIMEA KILICHOMO HEWANI

Katika kila mafungu 100 ya hewa tuvutayo, 78 ni naitrojeni. Haina rangi wala harufu, lakini pasipo hiyo mahindi hayawezi kuwa na majani ya kijani. Walakini mmea hauwezi kuila kama ilivyo hewani, kwa kuwa chembe zake zimeshikana mbili mbili kwa nguvu nyingi. Ndiyo sababu mkulima aweza kuona mahindi yake yakigeuka manjano kwa njaa ya naitrojeni, hali yamezungukwa nayo pande zote.

Je, ni nini kiwezacho kuzitenga chembe hizo? Kwanza ni radi. Joto lake kali huzitenga, zikaungana na oksijeni. Kisha mvua huzileta udongoni zikiwa chakula. Pili ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, vikaavyo katika vinundu vya mizizi ya maharagwe na kunde. Tatu ni viwanda. Mwaka 1909 Fritz Haber, mtaalamu wa Ujerumani, alionyesha jinsi ya kupata amonia kutokana na hewa, na mwaka 1913 kiwanda cha kazi hiyo kilifunguliwa huko Oppau. Hapo ndipo ulipoanzia wingi wa mbolea ya dukani.

Lakini kilichotoka hewani hurudi hewani. Samadi iliyoachwa wazi juani hutoa harufu ichomayo pua: hiyo ni amonia, mali ya mkulima inayopotea. Tena mbolea ikizidi katika udongo uliojaa maji, vijidudu huigeuza sehemu yake kuwa naitrasi oksaidi. Hewa hii hukaa angani miaka 100 na zaidi. Nguvu yake ya kushika joto ni karibu mara 270 ya kaboni dioksidi ya uzito ule ule, nayo huharibu ozoni ya juu itukingayo na ukali wa jua.

Mijini nako, joto la injini za magari hufanya kazi ile ile ya radi. Moshi wake ukipigwa na jua huzaa ozoni karibu na ardhi, na hapo ozoni hudhuru mapafu na mimea.

Basi yampasa mkulima afunike samadi yake, aichanganye na udongo mara aifikishapo shambani, na apande maharagwe kati ya mahindi. Mbolea ya dukani naigawanywe mara mbili, isimwagwe yote siku moja. Naitrojeni ikiwa udongoni ni chakula. Ikipotea hewani ni hasara, kwake na kwa jirani zake.